Taulo zimetuishia: shajara ya kumfundisha Doña vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia

Jumapili, 12 Januari 2025

Shajara hii naifungua kwa sababu ya maneno mawili: "hold off".

Jumatano asubuhi msimamizi wa zamu alisema kwenye redio, "Hold off on 308." Maana yake chumba 308 kisiguswe kwanza, kisubiriwe. Doña, ambaye nafanya naye usafi wa vyumba kwenye hoteli moja hapa Dallas, aliyasikia maneno vizuri kabisa. "Hold" analijua, ni kushika. "Off" analijua, kila siku analiona kwenye swichi, ni kuzima. Akayaunganisha: kashike 308, ukazime vilivyowaka. Akagonga, akafungua, akamkuta mgeni kitandani amelala. Doña ana miaka 52, na 11 kati ya hiyo ameifanyia kazi nchi hii. Lile lilikuwa onyo lake la kwanza la maandishi.

Jioni kwenye kituo cha basi hakulalamika. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini maneno mawili anayoyajua yakikaa pamoja yanageuka neno asilolijua?

Mimi ni mtu wa Tanga, yeye ni wa Honduras, upande wa Choluteca. Ananiita "mija", yaani mwanangu. Nami namwita Doña, kama wenzake wanavyomwita mwanamke mtu mzima kwa heshima. Shikamoo nilishamfundisha zamani, na kila asubuhi ananiitikia marahaba. Kihispania changu nimekiokota kwenye toroli la mashuka kwa miaka minne, kwa hiyo tunaelewana.

Swali lake lilinigusa kwa sababu liliwahi kuwa langu. Sekondari nilisoma kwa Kiingereza, nikajua "tolerate", nikajua "postpone", nikafaulu. Nilipofika hapa watu wakawa wanasema "put up with" na "put off", nami najiona mgeni katika lugha niliyotunukiwa cheti. Waingereza wanaviita "phrasal verbs". Mimi nitaviita vitenzi vyenye mkia: kitenzi kifupi cha kila siku kama put, get, take au turn, na nyuma yake kijineno kama up, off au out kinachobadilisha maana yote.

Mwishoni mwa Aprili kuna usaili wa nafasi ya mkaguzi wa vyumba. Mkaguzi anatembea na redio, na redioni ni mikia mitupu. Doña anaitaka nafasi hiyo. Tumekubaliana muda wa saa moja kila Jumapili baada ya misa yake, na ujumbe mmoja wa sauti kwa WhatsApp kila siku.

Jumapili, 26 Januari

Wiki mbili, na nimekosea njia.

Nilianza nilivyofundishwa mimi: orodha. Vitenzi 40, upande huu Kiingereza, upande ule Kihispania. "Put out", extinguir, yaani kuzima. "Call off", cancelar, kufuta. "Look into", investigar, kuchunguza. Doña ni mtu wa bidii, aliikariri kwenye basi kwenda na kurudi. Leo kwenye karatasi amepata 31 kati ya 40. Jana nilimwomba aweke alama kila mkia anaoutambua redioni ndani ya saa moja, nami nikihesabu pembeni. Nilihesabu 15. Yeye aliweka alama 2.

Tena orodha imemwongezea tatizo. Kila nilipomwandikia neno la Kihispania, alilipeleka Kiingereza moja kwa moja: extinguir likawa "extinguish", tolerar likawa "tolerate", posponer likawa "postpone". Yote ni Kiingereza sahihi. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mabwana na mahakama, na maneno yenye asili ya Kilatini yakaendelea kumiminika kwenye Kiingereza karne baada ya karne. Maneno hayo ni ndugu wa damu wa Kihispania, ndiyo maana yanampa Doña raha. Lakini jikoni, shambani na kitandani Waingereza walibaki na vitenzi vyao vifupi vya zamani, na hivyo ndivyo vilivyoota mikia. Mtu anaposema "please extinguish the television" ameeleweka, ila amesema kama barua ya serikali. Redioni hakuna anayesema hivyo.

Wanaotafiti ujifunzaji wa lugha waliliona hili zamani. Utafiti mmoja wa mwaka 1985 kwa wanafunzi wenye lugha ya Kiebrania, ambayo haina vitenzi vya namna hii, ulionyesha kwamba walivikwepa na kuchagua neno moja lenye maana hiyo hiyo. Doña anafanya vile vile, nami ndiye niliyempa pa kukimbilia. Orodha nimeichana.

Jambo moja limenipa moyo. Mwaka 2007 Gardner na Davies walichambua hazina kubwa ya maandishi na mazungumzo ya Kiingereza cha Uingereza, wakakuta vitenzi 20 tu, vikiunganishwa na mikia 8 tu, vinabeba zaidi ya nusu ya matumizi yote. Habari ngumu ni kwamba vile 100 vinavyotumika zaidi vina wastani wa maana 5.6 kila kimoja. Kwa hiyo idadi yenyewe haitishi sana. Kazi iko kwenye kujua kijineno kile kidogo kinafanya nini.

Jumapili, 9 Februari

Leo tumepata mlango, na mlango wenyewe ni taulo.

Ijumaa ghorofa ya nne iliishiwa. Msimamizi akasema, "We ran out of towels." Doña alisikia "ran out" akatazama korido kuona nani ametoka mbio. Leo nikamwomba aniambie kwa Kihispania, kama anamwambia dada yake, kwamba taulo hamna tena. Akasema: "Se nos acabaron las toallas."

Nilinyamaza kidogo, kisha nikamwambia kwa Kiswahili: taulo zimetuishia.

Nikamwonyesha kwa vidole. Las toallas, taulo. Acabaron, zimeisha. Nos, -tu-. Ni sisi zilizotuishia. Katika lugha yake na katika yangu, taulo ndizo zinazokwisha, na sisi tumesimama tu jambo linatupata. Mwingereza ameugeuza ulimwengu: sisi ndio tunaokimbia, tukatoka nje ya taulo, tukaziacha nyuma. Doña aliirudia sentensi ya Kiswahili polepole, "zi-me-tu-i-shia", akaandika kwenye daftari chini ya ile ya Kihispania. Tulikaa saa mbili badala ya moja.

Maana hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho hakuna mwalimu wa Kiingereza aliyewahi kuniambia, nikakikuta baadaye kwenye maandishi ya mwanaisimu Leonard Talmy. Lugha zinatofautiana pale zinapoiweka njia ya mwendo. Kihispania kinaiweka ndani ya kitenzi: entrar, salir, subir, bajar, cruzar. Kiingereza kinaiweka kwenye mkia: in, out, up, down, across. Kitenzi chake kinabaki huru kusema mtu alikwendaje. Sasa tazama sisi: ingia, toka, panda, shuka, vuka. Tuko upande wa Wahispania!

Nikamwandikia:

Cruzó el río nadando.
Alivuka mto akiogelea.
She swam across the river.

Kwa Doña na kwangu, kuvuka ndiyo kazi na kuogelea ni maelezo. Kwa Mwingereza kuogelea ndiyo kazi, na kuvuka kumebanwa kwenye neno moja nyuma yake. "Salió corriendo" ni "alitoka mbio", na kwa Kiingereza "she ran out". Tulifanya kumi na mbili za namna hiyo na hakukosea hata moja, kwa sababu safari hii hakuwa anakariri. Alikuwa anajua aitafute njia wapi.

Miaka yote tumefundishwa tusikilize kitenzi kwanza, kwa sababu lugha zetu zinaweka uzito humo. Kwenye Kiingereza cha kazini kitenzi mara nyingi ni ganda. Kokwa iko nyuma.

Jumapili, 16 Februari

Fupi, nimetoka zamu ya usiku. Doña amekuja na swali: kama lugha zetu hazina mikia, mbona "echar" lina maana hamsini? Echar ni kutupa, lakini echar una mano ni kusaidia, echar de menos ni kumkumbuka mtu aliye mbali, echar a perder ni kuharibu. Nikamwambia habari za "piga". Tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, kelele, magoti, na hakuna anayeumia. Tuna hata vimikia vyetu: kaa chini, weka kando, tupilia mbali. Kwa hiyo kitenzi kupoteza uzito wake si jambo geni kwake wala kwangu. Tuliondoka wote wawili tumeacha kukiona Kiingereza kama lugha isiyo na akili.

Jumapili, 2 Machi

Wiki mbili hizi ni za masikio.

Doña anavijua sasa kama 35 akiviona kwenye karatasi, lakini vinaposemwa havisikii vikiwa vipande. "Pick it up" kwake ni sauti moja isiyo na mshono. Nilijaribu kumtamkia polepole, pick, it, up, na hilo halikusaidia, kwa sababu hakuna mtu duniani anayetamka hivyo.

Dawa ilikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Wamarekani wakiwa na t katikati ya irabu mbili, mara nyingi hawaitamki t. Ulimi unagusa juu mara moja na kuondoka, na mguso huo ndio ule ule wa r moja ya Kihispania, ya "pero" au "cara". Ndio r yetu ya "bara" pia. Basi nikaacha tahajia ya Kiingereza, nikaandika kwa herufi za kwake: pikirap, puriran, ternirof. Pick it up, put it on, turn it off. Alisoma kwa sauti, akashangaa kusikia msimamizi wetu akitoka kinywani mwake. Tangu Jumatatu ananitumia ujumbe wa sauti wa namna hiyo kila asubuhi, na mmoja niliuchezesha mara tatu kwa furaha.

Sambamba na hilo kuna suala la "it". Ukitaja kitu kwa jina una hiari: "turn off the light" au "turn the light off". Ukitumia kiwakilishi hiari imekwisha, lazima kikae katikati: "turn it off". Doña alikuwa anasema "turn off it", na nilielewa inatoka wapi. Kwa Kihispania ni "apágala", kiwakilishi kinaganda mwisho kabisa. Kwetu ni "izime", kinatangulia mbele. Lugha tatu, mahali patatu. Sikuwa na sheria nzuri ya kumpa, nikamwambia afikirie mlango: kitenzi ni fremu upande huu, mkia ni fremu upande ule, na kitu kidogo kinapita katikati, kikubwa kinaweza kubaki nje. Imeshika. Na mkia ndio unaobeba mkazo, turn it OFF, jambo linalomsaidia, kwa sababu sasa anajua sehemu yenye sauti kubwa ndiyo sehemu yenye habari.

Hesabu ya redio jana: nilihesabu 18, yeye 9.

Jumapili, 16 Machi

Leo "turn down" imetuchukua muda wote na sijutii.

Hotelini neno hili lina maana tatu zinazoweza kukutana katika asubuhi moja. Kuna "turn down the AC", kupunguza kiyoyozi. Kuna kazi ya jioni ya kukunja shuka la juu na kumwandalia mgeni kitanda. Na kuna kukataa. Sasa sikiliza: "410 wants turndown service" na "410 turned down service." Wa kwanza anataka uende. Wa pili amekataa usiende. Mtu anayesikiliza maneno tu, bila mkazo, atakwenda kwenye mlango asiotakiwa, na Doña tayari anajua gharama ya jambo hilo.

Tofauti iko kwenye sauti. Ikiwa jina la kitu, mkazo uko mwanzo: TURNdown, CHECKout. Ikiwa kitendo, mkazo unahamia kwenye mkia: turned DOWN, checked OUT. Nilimsomea sentensi 20 akiwa amefumba macho, ananyoosha mkono kwa jina na kuuacha kwa kitendo. 17 sahihi. Mimi mwenyewe miaka minne nimekuwa nikizitofautisha bila kujua nazitofautisha kwa nini.

Halafu "up" ile isiyopanda popote. "Clean up", "use up", "eat up". Alikuwa anauliza juu ni wapi. Nikamkumbusha "comer" na "comerse": comió pan, alikula mkate, na se comió el pan, aliumaliza wote. Lile "se" na hii "up" ni majirani. Hazilingani kila mahali, na nilimwambia hivyo, lakini zote mbili zinasema kitendo kimefika mwisho wake.

"In" na "on" bado zinamsumbua na nadhani zitaendelea. Kihispania kina "en" moja kwa zote, en la mesa, en la caja, kama sisi tulivyo na -ni moja, mezani, sandukuni. Kiingereza kinataka ujue kitu kiko juu au ndani, halafu kinakuambia "get in" kwa gari dogo na "get on" kwa basi. Sisi tunapanda vyote, nao wanasema subir kwa vyote. Nimempa kanuni niliyopewa na dereva mmoja wa basi: kama unaweza kusimama na kutembea humo, ni "on". Basi, treni, ndege. Inafanya kazi vya kutosha.

Jumapili, 6 Aprili

Wiki mbaya. Alikuwa na mafua, zamu mbili mfululizo, na hakutuma sauti hata moja. Mazoezi ya usaili leo hayakwenda vizuri. Nilimwuliza kwa Kiingereza angefanya nini mgeni akilalamika, akarudi kwenye lugha ya barua: "I will investigate." Kisha akasema "I wait you" na "I'm looking the key", makosa niliyodhani tumeyapita.

Nilirudi nyumbani na uchungu, nikakaa na daftari. Esperar, escuchar, buscar, yaani kusubiri, kusikiliza, kutafuta: vyote havihitaji kihusishi mbele ya kitu, vinakwenda moja kwa moja. "Espérame." Na sisi je? "Nisubiri." Ndiyo maana hata huku kwetu unasikia watu wakisema "wait me". Lakini sisi tuna mlango wa nyuma ambao Doña hana. Ile -ia inamezwa na kitenzi na kufanya kazi ya "for". Lipa na lipia: unalipa kodi, unalipia chakula, pay na pay for. Ngoja na ngojea. Kwangu "for" si mgeni, ilikuwa tumboni mwa kitenzi siku zote. Kwake ni mgeni kabisa, na nimekuwa nikimharakisha mahali ambapo mimi nilipita kwa urahisi nisioustahili. Jumapili ijayo tutafanya "for" peke yake, polepole.

Jumapili, 27 Aprili

Usaili ulikuwa Alhamisi. Matokeo bado, wamesema wiki mbili.

Aliniambia yaliyotokea tukiwa kwenye basi. Walimuuliza mgeni akiomba asisumbuliwe na chumba kiko kwenye orodha ya kusafishwa, atafanyaje. Akajibu, "I hold off, I let the desk know, and I go back later." Nikamwuliza kama alilipanga jibu hilo. Hapana, lilikuja lenyewe. Kisha akatazama dirishani muda mrefu, nami sikuongeza neno.

Tumefika vitenzi 58 anavyovitambua kwa sikio, na kama 30 anavitumia bila kufikiri. Hesabu ya redio ya mwisho, Jumatano: mimi 21, yeye 16. Vinavyomtoroka ni vile vya "get", karibu vyote.

Jana Jumamosi hoteli ilijaa, msimamizi yuko chini na wageni, redio imebaki kwenye toroli letu. Doña alifungua kabati la ghorofa ya nne, akaangalia ndani, akachukua redio kabla sijanyoosha mkono.

"We ran out of towels on four," alisema. Mkazo ukakaa kwenye "out", panapotakiwa.

Kabla hatujaachana leo alinionyesha picha aliyopiga kwa simu, ile kadi ya kwenye kitasa: "Please make up room." Ameisoma miaka 11 akijua ni ishara ya kuingia na kutandika. Ila juzi mfanyakazi mwenzetu mmoja alisema fulani "made up" kisa chote, na mwingine akasema yeye na mumewe "made up". Anataka kujua chumba, uongo na suluhu vimekutana wapi. Nimemwomba aniletee kwanza anavyosema kila kimoja kwa Kihispania, nami nitaleta vya Kiswahili.